UZI: Meli moja, amri mbili, na kapteni ni mimi. Jumamosi tumegombana vibaya, njooni mniamulie

#1 Kapteni_wa_Bombo

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu, mwenye bando dogo aweke alama arudi usiku.

Tuko watu sita, kila Jumamosi tunakutana hapa Bombo, Uganda, kibarazani kwa mwenzetu tunacheza gemu ya kuigiza, si ya simu, ni ya karatasi, kadi na dadu. Kila mtu ana kadi ya cheo. Mwendesha gemu ni mwalimu wa fizikia ndiyo maana tunateseka, yaani huwezi kusema meli yangu imefika kesho, atakuuliza kwa mwendo gani na kwa saa ya nani.

Hali ni hii. Meli yetu inaitwa Wadelai, ina askari 400, imetoka Duniani kwenda koloni la Proxima Centauri, umbali wa miaka nuru 4.24. Mwendo ni asilimia 80 ya nuru. Kwa kalenda ya nyumbani safari ni miaka 5.3 lakini kwa saa ya melini ni miaka mitatu na miezi miwili hivi, mambo ya Einstein hayo msiniulize mimi. (Breki na kuongeza mwendo tumeviweka kando, mwalimu amekubali kwa shingo upande.) Kila kikao chetu kimoja ni kama miezi minne ya safari.

Tumeondoka kama zamu ya kawaida ya kwenda kubadilisha kikosi. Wiki tatu baada ya kuondoka ndiyo habari inafika Duniani kwamba Proxima wamejitenga, na walijitenga miaka minne nyuma, ni vile tu redio nayo inakwenda kwa mwendo wa nuru. Kumbuka serikali ilikuwa moja, jeshi moja, sare moja, kiapo kimoja. Kati ya askari wangu 400 karibu 150 wamezaliwa Proxima. Kikao cha kwanza kabisa tukapata amri kutoka Duniani: mkifika, shikeni bandari, anayekataa ni muasi. Saini halali, muhuri halali.

Tukaenda hivyo mpaka kikao cha kumi, Jumamosi iliyopita, tumebakiza miezi miwili kasoro kufika. Proxima wanatuma meseji: serikali iliyowatuma ilipinduliwa miezi minane baada ya nyinyi kuondoka, amri mliyonayo ni ya watu ambao hawapo tena, tueni kwa amani, chai ipo.

Mimi nikasema amri ni amri mpaka aliyeitoa aifute mwenyewe. Naibu wangu akakataa mbele ya watu, akasema anachukua meli. Kadi zikarushwa, dadu moja mpaka leo haijaonekana, tukaondoka hakuna aliyemuaga mwenzake. Na huyu ni rafiki yangu wa tangu darasa la pili jamani.

Swali: kapteni anamtii nani hapo?

#2 NyukiMkali

Kwanza hiyo meli ina mtu wa kukaanga rolex, chapati ya mayai? Miaka mitatu ni mingi.

#3 Naibu_wa_Haki

Naona umekuja kunishtaki huku. Sawa, nami nieleze upande wangu maana umeruka mengi.

Mwalimu alitupa hesabu moja kikao cha pili ambayo wewe kapteni ulikuwa unachezea simu. Ukiikimbia redio ya nyumbani kwa asilimia 80 ya nuru, habari zake zinakufikia polepole mara tatu. Na unakoelekea ni kinyume, zinakuja kwa kasi mara tatu. Kwa hiyo kwa ile miaka mitatu na kidogo ya melini, sisi tumesikia mwaka mmoja tu na wiki chache wa habari za Duniani, lakini Proxima tumesikiliza miaka tisa na nusu! Tumesikia ukame wao, tumesikia uchaguzi wao, tumesikia ule mgomo wa watu wa maji ukianza mpaka ukaisha, watoto waliokuwa wanaimba kwenye redio yao tukiondoka sasa hivi ni watu wazima wanasoma taarifa ya habari. Duniani bado waziri yule yule anamalizia hotuba yake ile ile.

Halafu unaniambia niende nikawapige risasi kwa amri ya hao wa hotuba. Naibu wako hajanunuliwa na mtu, amekaa na masikio wazi tu.

#4 Kapteni_wa_Bombo

Kiapo hukuapia redio.

#5 Afande_Mstaafu

Wanangu, mimi sijui habari za nyota lakini amri naijua, nimeipokea na nimeitoa. Niwaambie kitu.

Tarehe 25 Januari 1971 mimi nilikuwa mtoto wa kambi, suruali fupi. Rais Obote alikuwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola. Redio Uganda ikasoma sababu 18 za kumpindua, aliyesoma ni mwanajeshi. Sasa askari aliyekuwa kambini kwetu siku hiyo, unadhani alifungua katiba? Alitega sikio: sauti hii ni ya nani, kamanda wangu yuko wapi, na silaha za ghala ziko kwa nani. Katika saa chache watu waliokula sahani moja asubuhi walikuwa hawasogeleani. Rais alikuwa hai, mzima, lakini alikuwa mbali na sauti yake haikufika kwa wakati. Umbali ni jambo kubwa sana wanangu.

Askari wa chini haitii serikali. Anatii sauti anayoijua. Serikali inakuja kwake kupitia sajenti wake, huyo ndiye serikali yake. Kwa hiyo wewe kapteni unauliza nimtii nani, mimi ningekuuliza wale masajenti wako wanamsikiliza nani, maana hilo ndilo litaamua na si muhuri wako. Uasi wa kambi ya Jinja Januari 1964 ilikuwa mishahara na maofisa Waingereza, waziri wa mambo ya ndani alikwenda pale kambini kama waziri mwenye mamlaka yote, vijana wakamshikilia. Cheo chake hakikupungua hata kidogo ila hakuwa na wa kumwamuru.

#6 Kapteni_wa_Bombo

Jambo afande. Hilo la masajenti limeniuma maana kadi ya sajenti mkuu anayo shemeji yake naibu.

#7 NyukiMkali

😂😂 Banange, meli ishakwenda hiyo.

#8 Fundi_Waya

Tuwe wa kisasa kidogo. Mambo ya sauti ni ya zamani, siku hizi amri ina saini ya kidijitali, unaikagua kwa ufunguo, kama inalingana ni halali, basi, hakuna cha kugombana.

#9 Mjukuu_wa_Lado

Fundi, ufunguo unakuambia nani ana ufunguo. Haukuambii aliupataje. Aliyepindua serikali anakuta ufunguo mezani, anakaa kwenye kiti kile kile anasaini, na kompyuta yako inakuonyesha kijani.

Sasa kapteni, wewe ni wa Bombo na umeipa meli jina la Wadelai halafu unakuja kuuliza watu swali hili? Hukai na wazee wewe? Hicho kisa ndicho kilichotuleta sisi Wanubi hapa. Nitaeleza kwa wasiojua, mnivumilie.

Emin Pasha alikuwa gavana wa jimbo la Ekwatoria, kusini mwa Sudan mpaka huku kwetu, kwa niaba ya Misri, tangu 1878. Januari 1885 watu wa Mahdi, waasi wa Sudan, wakaiteka Khartoum. Njia ya mto ikafungwa. Emin na askari wake wakabaki peke yao, akahamia kusini mpaka Wadelai, pale Nile ya Albert, West Nile ya leo. Kutoka Misri hakuna mshahara, hakuna nguo. Watu wakavaa pamba waliyofuma wenyewe. Lakini bendera ya Khedive, mtawala wa Misri, wanaipandisha kila siku.

Mwaka 1888 anatokea Stanley, mzungu aliyetumwa kumchukua Emin, kupitia misitu ya Kongo, watu wake wamekwisha kwa njaa na magonjwa, waliobaki wamechakaa, anabeba barua ya Khedive Tewfik mwenyewe. Barua inasema mnaweza kuondoka na Stanley, anayetaka kubaki abaki kwa hatari yake, mshahara wetu umeishia hapo. Ni barua halali kabisa!

Askari wakaikataa. Walisema barua ya Misri inatoka kaskazini, Khartoum, kwa meli ya moshi. Hii imetoka upande wa machweo mikononi mwa mzungu mwenye viatu vilivyotoboka, na inatuambia tuache vituo vyetu tumfuate tusikokujua. Ni ya kughushi, anataka kutuuza. Agosti 1888 pale Dufile wakamkamata Emin, gavana wao wenyewe, wakamfungia pamoja na Jephson ofisa wa Stanley. Na walifanya hivyo kwa jina la Khedive! Yaani waasi wanaasi ili wabaki watiifu. Hapo ndipo babu alipokuwa anacheka mpaka anakohoa.

#10 Binti_Arua

Na baadaye?

#11 Mjukuu_wa_Lado

Baadaye Emin akaondoka na Stanley 1889 mpaka Bagamoyo. Selim Bey, ofisa wao, na wengi wakabaki kule Kavalli karibu na ziwa Albert. Mwaka 1891 Lugard, ofisa Mwingereza, anawafuata anataka askari wa Kampala. Selim huyu amekaa miaka bila mshahara, serikali yake ishamwambia kwaheri, na bado anamjibu Lugard kwamba mimi ni wa Khedive, sibadilishi bendera bila ruhusa yake. Walikubaliana waje kwa masharti kwamba ruhusa itaombwa Misri. Ndiyo wakaja, maelfu pamoja na wake na watoto.

Na msidhani mwisho wake ulikuwa mzuri. 1893 Waingereza wakamtilia Selim Bey shaka, wakamwondoa Kampala, akafia njiani Naivasha. 1897 vikosi vya Wasudani vikaasi, mshahara mdogo tena unachelewa, matembezi yasiyoisha, wanaambiwa waende tena safari ndefu na wake zao wabaki. Wakaishika ngome ya Luba kule Busoga. Meja Thruston aliyejua Kiarabu na kuwaamini aliingia ngomeni akidhani watamsikiliza. Wakamfunga, halafu wakamuua. Afande hapo juu anasema sauti unayoijua, sawa, lakini Thruston walimjua vizuri tu.

#12 Afande_Mstaafu

Nimekusikia mwanangu. Thruston walimjua ila tumbo lilikuwa limeshasema mbele yake. Mshahara nao ni sauti.

#13 Mpwa_wa_Baharia

Kuna meli nyingine ya kweli inafanana kabisa na hii. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, meli ya kusini inaitwa Shenandoah, kapteni Waddell. Jenerali Lee alisalimu amri Aprili 1865. Juni hiyo Shenandoah iko kule juu bahari ya Bering inachoma meli za wavua nyangumi za kaskazini. Wanamwonyesha gazeti kwamba Lee kashindwa, lakini gazeti hilo hilo lina tangazo la rais wake anasema vita vinaendelea. Sasa aamini ukurasa gani? Akaendelea kuchoma. Agosti ndipo akakutana na meli ya Waingereza wakamwambia yamekwisha yote, akaficha mizinga akazunguka Pembe ya Horn, ncha ya Amerika Kusini, mpaka Liverpool, akashusha bendera Novemba 1865. Alikuwa kapteni wa nchi isiyokuwepo kwa miezi kadhaa.

Halafu yule Mjapani Onoda, kisiwa cha Lubang kule Ufilipino mpaka 1974. Vipeperushi vyote aliona ni hila za adui. Ilibidi wamtafute kamanda wake wa zamani, Meja Taniguchi, wamlete mwenyewe msituni amsomee amri kwa mdomo. Ndiyo akaweka bunduki chini.

#14 Kapteni_wa_Bombo

Mnaona! Onoda anathibitisha hoja yangu. Aliyetoa amri ndiye wa kuifuta.

#15 Naibu_wa_Haki

Onoda aliua wakulima wa watu miaka na miaka baada ya vita kwisha. Ukitaka kujifananisha naye endelea kapteni.

#16 Binti_Arua

Jamani samahani, nimekaa na karatasi tangu posti ya kwanza, hamjaona kitu?

Proxima wanasema serikali ya Dunia ilianguka mwezi wa nane baada ya nyie kuondoka. Wamejuaje? Kwa redio kutoka Duniani. Redio hiyo inatoka Duniani kwenda Proxima na nyie mko katikati ya njia hiyo hiyo mnaelekea huko huko. Hakuna kitu kinachoizidi nuru. Habari HAIWEZI kufika Proxima bila kuwapita nyinyi kwanza!

Hesabu: imetoka mwezi wa 8, inawafukuza, inawakuta mwaka wa 3.3 kwa kalenda ya Dunia. Inafika Proxima mwaka wa 4.9. Wanaitangaza, inawarudia mwaka wa 5.1. Kutoka 3.3 mpaka 5.1 ni kama miezi 21, kwa saa yenu ya melini ni mwaka mmoja na wiki chache. Kwa hiyo mngekuwa mmeisikia mwaka mzima kabla Proxima hawajawaambia.

#17 NyukiMkali

Eh. Eh! Huyu binti apewe meli.

#18 Kapteni_wa_Bombo

Subirini. Kwa hiyo Proxima WANADANGANYA. Na naibu alitaka kuniondoa kwa ajili ya uongo. Mungu wangu ahsante, kesi imekwisha, uzi ufungwe.

#19 Mjukuu_wa_Lado

Usikimbie kapteni. Hiyo ndiyo hoja ya Dufile neno kwa neno, "barua imetoka upande usiotoka barua, basi ni ya kughushi". Na barua ilikuwa ya kweli. Walikosea kwa sababu hawakujua kuna njia ya pili, ya baharini mpaka Kongo.

#20 Binti_Arua

Mzee angani hakuna njia ya pili. Iliyonyooka ndiyo fupi, huwezi kuipita kwa kuzunguka.

Ila nimesema "mngekuwa mmeisikia". Sijasema Proxima wanadanganya. Ni moja kati ya mawili: ama ni uongo, ama ilipita melini na kuna mtu aliipokea akanyamaza. Redio ya meli yenu anashika nani?

#21 Fundi_Waya

Nimepata baridi mgongoni na niko juani hapa Wandegeya.

#22 Naibu_wa_Haki

Kadi ya redio anayo Redio_Kimya. Yumo humu, naona huwa anasoma tu hachangii.

Mwaka mmoja wa melini kabla ya kikao cha kumi ni kikao cha sita au cha saba. Kapteni kikao cha sita ulikuwa wapi?

#23 Kapteni_wa_Bombo

Nilikuwa msibani Luwero. Mnajua. Nilituma meseji kwamba naibu aongoze mpaka nirudi.

#24 Naibu_wa_Haki

Meseji hiyo niliipata usiku, kikao kimeshakwisha. Siku hiyo tulikaa bila kujua nani anaongoza, mwalimu akasema chezeni tu hivyo hivyo, meli haisimami kwa sababu kapteni hayupo.

#25 Afande_Mstaafu

Ndipo mlipopotea wanangu. Makabidhiano! Jeshini hata mtu akienda chooni anasema "unashika". Nimeona kituo cha mpakani kimekaa usiku mzima kila mmoja anadhani mwenzake ndiye kamanda wa zamu, na asubuhi kila mmoja ana maelezo mazuri sana.

#26 Redio_Kimya

Salaam wote. Mimi si muandikaji.

Ni kweli. Kikao cha sita mwalimu alinipa bahasha chini ya meza. Juu ameandika KUTOKA DUNIANI, AKABIDHIWE ANAYEONGOZA MELI, na nta imemwagwa juu kama muhuri, nyekundu. Ameniambia kadi yako inaruhusu kupokea, hairuhusu kufungua.

Nikaangalia meza. Kapteni hayupo. Naibu hajasema anaongoza. Nikimpa naibu, kapteni akirudi ataniambia nimeshiriki mapinduzi. Nikimwekea kapteni na naibu ndiye mwenye meli siku hiyo, nimeficha habari ya jeshi. Nikasema nitangoja waseme wenyewe. Kikao cha saba kapteni akarudi, akakaa kwenye kiti chake akaanza kuuliza habari za chakula na mafuta, redio hakuuliza. Kikao cha nane hakuuliza. Kila nikisubiri inakuwa ngumu zaidi kusema, maana sasa nitaulizwa kwa nini hukusema jana. Mlipoanza kurushiana kadi juzi nilikuwa nayo mfukoni.

Sijaifungua. Iko kwenye jaketi hapa, nimeipiga picha mwalimu ashuhudie muhuri ni mzima.

#27 Mpwa_wa_Baharia

Kwa hiyo kwa mwaka mzima wa melini kapteni anatoa amri na hajui kama serikali yake ipo, na ushahidi uko mita moja kutoka kwake kwenye jaketi.

#28 Binti_Arua

Na 150 wa Proxima mle ndani wanafanya mazoezi ya kushika bandari ya mama zao.

#29 Mwalimu_wa_Fizikia

Nimeusoma uzi wote. Binti_Arua, hesabu zako ni sahihi, Jumamosi karibu Bombo kuna kadi imebaki. Dadu nimeipata kwenye sufuria ya maharagwe.

Kuhusu kilichomo ndani ya bahasha sitasema neno. Imeandikwa akabidhiwe anayeongoza, basi akabidhiwe.

#30 Redio_Kimya

Sawa mwalimu. Jumamosi naleta. Niambieni tu nimpe nani.

#31 Kapteni_wa_Bombo

Unanipa mimi, hilo nalo la kuuliza?

#32 Naibu_wa_Haki

Kwa nini wewe?